Mkunga Anajibu: Mbio Ndefu kwa Mja Mzito

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Chake Chake, nina umri wa miaka 29, na mimba yangu hii ya kwanza imetimia wiki 14. Nimezoea kukimbia tangu nilipokuwa mwanafunzi, na kwa miaka minne sasa hutoka mara nne kwa wiki baada ya sala ya alfajiri, kilomita 8 siku za kawaida na 15 au zaidi siku ya Jumapili, kwa njia ya kuelekea Wete. Kabla ya kujua kuwa nina mimba nilikwishajiandikisha katika mbio za nusu marathoni zitakazofanyika Unguja baada ya miezi mitatu. Mume wangu hana neno, lakini mkwe wangu amenikataza kwa machozi. Anasema mtoto atajizonga kitovu, au mimba itashuka. Nilipouliza kliniki niliambiwa kwa mkato tu kuwa nipumzike, bila ya kuelezwa sababu. Je, mbio zitamdhuru mwanangu? Na zile kilomita 21, nizikimbie au niziache?
Mwalimu, Chake Chake

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akujaalie uzazi wa salama. Kukimbia hakumdhuru mtoto wa mama mwenye afya aliyekwishazoea mbio kama wewe, wala hulazimiki kuacha kwa sababu tu umeshika mimba. Lakini zile kilomita 21 za mashindano nakuomba uziache mwaka huu. Najua majibu hayo mawili yanaonekana kama yanapingana, na kwa vile huko ulikouliza hukupewa sababu, nitajitahidi nikupe sababu zote mimi.

Nianze na mkwe wako, kwa kuwa machozi yake ni mapenzi na hayafai kupuuzwa. Mtoto yumo ndani ya maji, maji yamo ndani ya chupa, chupa imo ndani ya fuko la uzazi ambalo ni msuli mnene, na katika miezi mitatu ya mwanzo fuko lenyewe limejificha baina ya mifupa ya nyonga. Mtikiso wa hatua zako hupokewa na magoti, nyonga na maji yale kabla ya kumfikia yeye. Kujizonga kitovu hutokana na mtoto mwenyewe kugeukageuka tumboni, na huonekana kwa karibu mtoto mmoja katika kila wanne au watano wanaozaliwa, mama awe amekimbia au amelala kitandani miezi yote tisa. Wengi wao huzaliwa salama, mkunga akakiondoa kitovu shingoni kwa kidole. Ama mimba zinazotoka mapema, nusu yake au zaidi hutoka kwa kasoro katika vinasaba, iliyokuwamo tangu siku mimba ilipotunga, na hakuna mapumziko ambayo yangeizuia. Hili nataka walisikie pia wale waliopoteza mimba kisha wakajilaumu kwa safari waliyokwenda au mzigo waliobeba.

Na ule ushauri wa kupumzika una historia yake. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitoa mwongozo uliosema kuwa mazoezi mazito ya mja mzito yasizidi dakika 15 na mapigo ya moyo yasipite 140 kwa dakika. Mwongozo huo ulitokana na tahadhari zaidi kuliko ushahidi, na mwaka 1994 chama hicho hicho kikaviondoa vikomo hivyo, ila maneno yake yalikwishaenea duniani na hadi leo wapo wanaoyafundisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri waja wazito wasio na tatizo wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki, na linasema waziwazi kuwa aliyekuwa na desturi ya mazoezi makali kabla ya mimba anaweza kuendelea nayo. Faida zake ni pamoja na kupunguza hatari ya presha ya mimba na ya kisukari cha mimba. Huko Uingereza ulichapishwa mwaka 2018 uchunguzi wa wanawake 1,293 waliokuwa na desturi ya kukimbia, wengine wakiwa wameendelea katika mimba na wengine wameacha, na haikuonekana tofauti katika umri wa mimba siku ya kujifungua wala katika uzito wa watoto. Kwa uaminifu niongeze kuwa walioendelea kukimbia walisaidiwa zaidi kwa vyombo vya kumvuta mtoto wakati wa kuzaa, tofauti ambayo haikuwa kubwa lakini ilikuwapo, na inadhaniwa ilitokana na kukaza kwa misuli ya nyonga.

Nami nimezalisha wanawake wa Micheweni na Kengeja ambao hadi mwezi wa nane walikuwa wakishuka pwani kwenye mwani, wakipanda kilima na ndoo ya maji kichwani, na msimu wa karafuu wakiokota na kuchambua mpaka usiku. Hakuna aliyewalilia kuwa mtoto atajizonga. Sisemi kuwa ile ilikuwa kazi njema kwao, kwani wengi walichoka kupita kiasi, lakini mwili wa mwanamke wa visiwa hivi haujapata kuwa mwili wa kukaa kitako, na haitakuwa haki tuuogope unapovaa viatu vya mbio tu.

Sasa yale yanayobadilika, maana hapo ndipo palipo na kazi. Damu yako itaongezeka kwa karibu nusu ya ilivyokuwa, na moyo utapiga mapigo 10 hadi 20 zaidi kwa dakika hata ukiwa umekaa. Kwa hivyo saa ya mkononi na kasi yako ya mwaka jana si vipimo vya kutegemea tena. Kipimo chako kiwe pumzi: ukiweza kusoma Alhamdu kwa sauti huku unakimbia, aya kwa aya, bila ya kukatika pumzi katikati ya aya, mwendo huo unafaa, ukishindwa, punguza, na ukishindwa tena, tembea. Ni mizani isiyohitaji betri, na itakufuata hadi mwezi wa mwisho, kwani mwendo utakaokutosha wiki ya 30 utakuwa wa pole sana kuliko wa leo.

Linalonitia wasiwasi zaidi katika hali yetu ni joto, na vitabu vingi vya ughaibuni hulipitia kwa haraka kwa kuwa vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Mtoto hana njia ya kutoa jasho; joto lake huondoka kupitia damu yako, na daima huwa juu kidogo ya joto lako. Hatari kubwa ni katika wiki za mwanzo kabisa, uti wa mgongo na ubongo vinapofanyika, ambapo joto la ndani ya mwili wa mama likivuka nyuzi 39 huongeza uwezekano wa kasoro. Wewe umekwishapita hapo, lakini haimaanishi kuwa ruhusa imefunguka. Hapa kwetu hewa imejaa unyevu, jasho humiminika na halikauki, na jasho lisilokauka haliupozi mwili. Ndiyo maana mtu anaweza kurudi amelowa chapachapa na bado akawa anawaka moto. Toka alfajiri kama ulivyozoea na uwe nyumbani kabla jua halijapanda. Siku za kaskazi, baina ya Disemba na Machi, fupisha njia hata kama miguu inataka zaidi. Umeandika kuhusu njia na muda lakini hukutaja nguo: stara haivunjwi na kitambaa chepesi, kipana, cha pamba na cha rangi ya kung'aa, na mtandio mwepesi wa pamba ni bora kuliko baibui jeusi la nailoni linalofungia joto mwilini. Kunywa maji kabla hujatoka, na siku unapozidisha saa moja uwe na maji na tende tatu au nne mfukoni, kwa kuwa mja mzito huishiwa na sukari ya damu upesi kuliko wengine. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea mchana kutwa, ujue hukunywa vya kutosha, na dafu moja ukirudi litakufaa.

Kisha njia yenyewe. Homoni za mimba hulegeza kano, tumbo linapokua uzito husogea mbele, na mguu unaoteleza hauwahi kujirudisha kama zamani. Pemba ni kisiwa cha vilima, na mteremko ni mbaya kwako kuliko mpando; sasa tumo katika masika, ukingo wa lami una tope na majani, na mashimo yamejaa maji hata huyaoni kina. Baada ya wiki ya 20 ningependa uiache njia ya Wete, uzunguke Gombani, uwanjani, penye usawa na ulipo karibu na watu, choo na kivuli. Viatu huenda vikahitaji kuongezwa nambari moja, kwa kuwa nyayo hutanuka. Tumbo likianza kuvuta chini, kuna mikanda mipana ya kulinyanyua. Asiyeipata akunje kanga kwa upana wa kiganja na aifunge chini ya tumbo, kamwe si juu yake.

Nakuja kwenye damu, na hapa nazungumza na Pemba nzima. Safura na kichocho bado vimo katika udongo na mito yetu, na wanawake wengi hushika mimba wakiwa tayari na damu pungufu. Mja mzito mwenye damu chini ya gramu 11 kwa desilita anahesabiwa kuwa na upungufu, na akiwa chini ya 7 hali yake ni nzito. Huyo asikimbie hata hatua moja mpaka atibiwe. Mkimbiaji aliyezoea hudhani kuhema kwake ni kwa sababu ya mimba, kumbe damu imekwisha. Kameze vidonge vyako vya madini ya chuma na asidi ya foliki bila ya kuruka siku, kula dagaa, kisamvu na maharage pamoja na ndimu, na chai iwe mbali na chakula kwa saa moja au mbili kwa sababu huzuia madini hayo yasiingie mwilini.

Sasa kilomita 21. Hakuna kitabu cha tiba ninachokijua kinachosema kuwa umbali huo ni haramu kwa mja mzito aliyeuzoea. Kinachonizuia kukupa baraka ni neno mashindano. Mwaka 2012 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya kuwapima wanariadha sita wa kiwango cha Olimpiki waliokuwa na mimba ya wiki 23 hadi 29, wakikimbia huku mtoto akitazamwa kwa mashine. Moyo wa mama ulipopita asilimia 90 ya uwezo wake, damu iendayo kwenye fuko la uzazi ilipungua sana na mapigo ya moyo wa mtoto yakashuka. Yalirudi sawa mama alipopumzika, na ni wanawake sita tu, lakini walikuwa katika wiki zile zile utakazokuwa nazo wewe siku ya mbio. Ukiwa peke yako Gombani hutafika huko. Ukiwa baina ya watu mia kadhaa, ngoma zinapigwa, mwanafunzi wako anakupita kwenye kilomita ya 15, sina hakika, na wewe mwenyewe huna hakika, kama utakumbuka kusoma Alhamdu.

Wapo wanariadha walioweza kuizuia nafsi hiyo. Alysia Montaño wa Marekani alikimbia mita 800 katika mashindano ya taifa mwaka 2014 akiwa na mimba ya wiki 34. Muda wake bora ulikuwa chini ya dakika 2, lakini siku ile alitumia dakika 2 na sekunde 32, akawa wa mwisho kwa umbali mkubwa na akatoka anatabasamu. Lakini hiyo ilikuwa mizunguko miwili ya uwanja, na wewe unakusudia zaidi ya saa mbili barabarani. Ni kweli kuwa mbio hizo zitaangukia kipupwe, kusi linavuma na hewa ni nzuri, ila ratiba za mbio huchelewa, na jua la saa tatu asubuhi Mjini ni jua. Waandaaji wengi hukubali mtu abadilishe umbali. Waombe wakuhamishie kwenye kilomita 5 au 10, anza nyuma ya kundi, na mume wako awe pembeni ya njia na maji. Kama hawakubali, fulana utaipata mwaka ujao.

Kabla ya yote hayo rudi kliniki, na safari hii uulize mambo matatu kwa majina yake: presha yako ni ngapi, damu yako ni ngapi, na kondo la nyuma limekaa wapi katika picha ya tumbo. Kondo lililoteremka mapema mara nyingi hupanda lenyewe fuko linapokua, lakini likiwa bado limeziba njia baada ya wiki ya 26, mbio zimekwisha. Vivyo hivyo kwa mwenye presha ya mimba, aliyefungwa uzi kwenye shingo ya fuko la uzazi, au mwenye ugonjwa wa moyo. Na siku yoyote ukiona damu au maji yanatoka, ukaumwa na kifua au na kichwa kikali, ukaona kizunguzungu, ukakosa pumzi kabla hata hujaanza, au shavu la mguu mmoja likavimba na kuuma, usimalizie njia. Simama hapo hapo, uite mtu, uende hospitali. Ukiwa na homa usikimbie, kapime malaria kwanza.

Mkwe wako nakushauri umchukue kliniki siku hiyo. Akiyasikia mapigo ya mjukuu wake kwa masikio yake, na muuguzi akamweleza mbele yako, itakuwa na uzito kuliko barua yangu hii.

SWALI: Nimejifungua kwa njia ya kawaida wiki 7 zilizopita. Nilikimbia hadi mwezi wa saba wa mimba na sasa arubaini imekwisha natamani kuanza tena, lakini nikipiga chafya mkojo hunitoka. Mama yangu ananifunga mkaja kila siku na anasema nikikimbia maziwa yatamharibikia mtoto.
Mama wa Makunduchi

JIBU: Hongera kwa mtoto. Arubaini ni ya kumpumzisha mzazi, na si kipimo cha kurudi mbioni. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa viungo wa Uingereza mwaka 2019 unasema mzazi asikimbie kabla ya wiki 12, na huo mkojo unaotoka ni ushahidi kuwa misuli inayoshikilia kibofu na fuko la uzazi bado imelegea. Kila siku mara tatu, kaza misuli kama anayezuia mkojo, hesabu hadi tano, baadaye hadi kumi, kisha achia, na urudie mara kumi. Tembea kila siku, ukiongeza kidogo kidogo. Ukifika wiki 12 na mkojo bado unakutoka, au ukahisi kuna kitu kizito kinachotaka kushuka, usianze. Mwone daktari wa wanawake, wala usione haya, kwa kuwa jambo hilo lina tiba na wengi hulificha hadi uzeeni. Mkaja si mbaya ukifungwa kwa wastani, ila unaobana hadi pumzi ikakatika husukuma uzito wote chini, kwenye misuli ile ile tunayotaka ipone. Maziwa hayaharibiki kwa mbio. Mnyonyeshe kabla hujatoka ili matiti yawe mepesi, na unywe maji zaidi.

Usijilinganishe na mabingwa. Paula Radcliffe wa Uingereza alijifungua Januari 2007 na akashinda marathoni ya New York Novemba mwaka huo huo, lakini baina ya hapo alivunjika ufa kwenye mfupa wa nyuma wa nyonga kwa kurudi mapema mno. Mary Keitany wa Kenya alipata mtoto wake wa pili mwaka 2013, na New York akaishinda mwaka 2014. Na Faith Kipyegon, aliyejifungua mwaka 2018, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

SWALI: Mke wangu ana mimba ya wiki 31 na bado hukimbia kilomita 4 pole pole. Siku hizi akikimbia tumbo hukaza likawa gumu kama jiwe, kisha huachia. Anasema halimuumi. Nimwache?
Mume, Wete

JIBU: Kukaza kusikouma, kunakoachia akipumzika na kunywa maji, ni jambo la kawaida katika miezi hii, fuko la uzazi linajizoeza kwa uzazi. Lakini mwili wake unasema mbio zimetosha, na ningemtaka ageuze kilomita hizo 4 ziwe za kutembea kwa haraka, wewe ukiwa pamoja naye. Siku likikaza akiwa amepumzika, tazama saa: likirudi kila baada ya dakika 10 au chini yake kwa muda wa saa nzima, au likifuatana na maumivu ya kiuno, damu au maji, mpeleke hospitali wakati huo huo, hata ikiwa ni usiku wa manane, na mchukue kadi yake ya kliniki.